Tawi Hili Haliuzwi

Mimi sina shida na baba yangu kuwa na mti. Kila mzee ana kitu chake. Shida yangu ni kwamba aliugawa.

Baba anaitwa Mbugua, na alikuwa mchinjaji Dagoretti tangu kabla sijazaliwa mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka. Wenzake wakistaafu wanabishana na redio. Yeye alishikwa na mtarakwa. Namaanisha huu huu mtarakwa tunaoujua sote, wa posti za ua, ambao ukiachwa msituni unapita mnara wa kanisa. Alitoa mche huko Kinangop, akaupanda kwenye sinia la bati lililokuwa la kubebea matumbo, akalitoboa chini ili maji yapite, na kuanzia siku hiyo akaukataza kukua. Alikuwa ameona miti ya namna hiyo Karen, kwenye nyumba moja alikokuwa akipeleka nyama. Wenyewe wanaiita bonsai. Alirudi nyumbani siku hiyo amekasirika kana kwamba kuna mtu amemtukana.

"Mti wao umeletwa na ndege kutoka Japani," aliniambia. "Na ndugu yake wa damu sisi tunampigilia misumari hapa."

Basi mti ukazeeka bila kurefuka. Ulifika kimo cha jerikeni ukaishia hapo, shina limejipinda, na matawi matatu ya maana: moja juu kabisa, moja katikati, moja huku chini karibu na udongo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia karai akiupogoa, kwa hivyo nilijifunza nikitaka nisitake. Baba hakuwahi kupitisha makasi juu juu kama mtu anayekata ua wa kayaba. Alisema ukikata katikati ya majani, ncha zote zinageuka kahawia na mti unaonekana umepigwa pasi ya moto. Unashika kichipukizi kilichozidi urefu, unakifuata kwa vidole mpaka pale kinapoungana na mwenzake, unakata hapo ndani, na yule anayebaki anafunika kidonda. Palipo na nguvu unapunguza. Palipo na udhaifu unaacha. Na kila tawi lazima libaki na kijani chake, maana mtarakwa ukiuvua tawi zima hauchipui tena kwenye mbao tupu. Tawi hilo limekwenda, hata ulilie.

Halafu mikono ikamkataa. Akijaribu kushika makasi, anakata hewa. Akatuita watoto wake wote watatu, Jumapili moja baada ya kanisa.

Mkubwa wetu ni Kiragu. Anauza bima, anakaa Karen kwenye nyumba ambayo ukisahau kitu sebuleni unafikiria mara mbili kama ukirudie. Wakati huo tulikuwa tukimwona Krismasi na kwenye matanga. Wa pili ni Jackie, ana saluni Kawangware, ambako si mbali hata kidogo, lakini kwa jinsi alivyokuwa akija nyumbani ungedhani anavuka mpaka wa nchi. Mimi ni Ciru, kitinda mimba. Ndoa yangu ilivunjika nikarudi na binti yangu, na Baba akatupa vyumba viwili kule nyuma kwenye tangi la maji. Mchana nafanya kazi River Road, kwenye kibanda cha kuchapisha kadi za harusi, kalenda na picha za marehemu.

Tukaketi. Baba akauweka mti mezani, akauelekezea fimbo yake, na akaanza kuugawa vile alivyogawa mbuzi maisha yake yote, huyu shingo, yule mbavu.

"Juu ni kwa Kiragu, kwa sababu ni kifungua mimba. Katikati ni Jackie. Chini ni Ciru. Kila mtu atatunza lake, na hakuna kugusa la mwenzake."

"Na shina?" nikauliza. "Na mizizi?"

Baba aliniangalia kama nimeuliza mlio wa mbuzi unapewa nani. "Hiyo ni ya kushikilia matawi," akasema.

Ningenyamaza hapo tungemaliza salama. Sikunyamaza, nikamwambia mti haugawiki, na labda hilo ndilo lililompandisha, kwa sababu aligonga fimbo sakafuni akaongeza jambo ambalo sidhani alikuwa amelipanga.

"Hata boma hili litafuata mti. Upande wa lango ni Kiragu. Katikati ni Jackie. Kwenye tangi ni Ciru. Na mtu akiacha tawi lake likauke, sehemu yake inarudi kwa wenzake. Nimesema."

Lazima nieleze hiyo "nimesema". Zamani Baba aligombana na jirani mwenye duka akasema mbele ya watu kwamba hataingia tena mle. Duka liko mkabala na lango letu. Mpaka leo anapita mbele yake akienda kununua chumvi kule sokoni, kwa fimbo, hata mvua ikinyesha. Jirani mwenyewe alishakufa.

Kwa hivyo nililitazama vizuri lile tawi langu la chini. Lilikuwa hafifu kuliko yote. Mtarakwa nguvu zake zote ziko juu. Juu ndiko kunakojaa majani, na kukijaa bila kupunguzwa, kunafunika walio chini, na walio chini wanaanza kukauka kutoka ndani. Kwa maneno mengine, ili mimi na binti yangu tusifukuzwe, Kiragu alipaswa kupunguza lake. Na mimi ndugu yangu namjua.

Jumamosi iliyofuata, gari lake likaingia. Nilidhani kuna aliyekufa. Akashuka na kiti cha kukunja, akakiweka mbele ya mti kwenye veranda, akaketi akitazama tawi lake. Nikamletea chai, nikamwambia kwa upole, na upole mimi si kitu ninachokuwa nacho kila siku, kwamba tawi lake limejaa sana, akubali nichague vichipukizi vichache nivitoe kwenye maungio, hata hataona tofauti.

"Ciru, hayo majani ni ya nani?"

"Ni yako."

"Na wewe unataka kuyakata."

"Kiragu, kivuli chako kinaniua."

"Kivuli hakikugawiwa," akasema, na akanywa chai yangu yote.

Ile Jumamosi nyingine alikuja na mtu anayeitwa Kiema, mpimaji wa ardhi, amevaa lile koti la kung'aa na amebeba darubini ya miguu mitatu. Alikuwa mtu makini sana. Tatizo lake la kwanza likawa kwamba mti ni mdogo na darubini ni ya mashamba, kwa hivyo alirudi nyuma, akarudi nyuma, akatoka langoni, akavuka barabara, mpaka akasimama kwa jirani katikati ya kuku ndipo mti ukaingia wote kwenye kioo. Kutoka huko akawa anapiga kelele namba, na Kiragu anaweka alama. Kwa kuwa mawe ya mpaka yangelivunja tawi, walitumia vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi nyekundu, wakavifunga kwa uzi kila pale tawi moja linapokomea na jingine linapoanzia. Jackie alipoona hivyo naye akataka vya kwake vipakwe zambarau. Baba alitoka nje, akasimama na fimbo yake akiangalia yote haya, na nikaona anatabasamu. Nikajiambia mzee amechanganyikiwa.

Siku chache baadaye nikiwa kazini River Road, nani anaingia kibandani kama si Kiragu. Hajawahi kukanyaga pale. Alisimama mlangoni akishikilia mifuko yake ya suruali kwa mikono miwili.

"Nataka kibao," akasema. "Kidogo. Kiandikwe: Tawi hili haliuzwi."

"Nani alitaka kulinunua?"

"Hivyo ndivyo wanaanzanga. Leo unakata kichipukizi, kesho umejenga."

Nilikuwa na kazi ya harusi mbili mezani na sikuwa na nguvu za kubishana. Nikamchapishia kibao cha plastiki ukubwa wa stempu, herufi nyekundu, nikakilaza mezani na kukikata pembe vizuri, kwa sababu hata kama ndugu yako ni mwendawazimu, kazi ni kazi. Akauliza atakining'iniza na nini. Nikampeleka kwa Taib, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mlango wa pili, mtu wa Lamu, ambaye hajui kucheka haraka. Taib akakisoma kile kibao, akakigeuza, akakisoma tena.

"Ndugu yangu, hilo tawi ni la ukubwa gani?"

Kiragu akamwonyesha kwa kiganja.

"Mashallah," Taib akasema, akamkatia waya wa shaba mwembamba. Kiragu alipoondoka, akanigeukia mimi. "Dada Ciru, pole. Nikikuombea dua, nimuombee nani hasa, wewe au mti?"

"Niombee mimi," nikamwambia. "Mti una mlinzi."

Na haukuwa utani. Kiragu alikuwa ameleta askari. Kijana mmoja mrefu, Muli, mwenye sweta ya buluu na rungu, aliyewekwa kwenye veranda kuanzia asubuhi alinde tawi la juu. La juu tu. Aliambiwa wazi kwamba kitakachotokea kwenye matawi mengine hakimhusu. Binti yangu akampenda sana. Mimi nilikuwa nikimpa uji, na yeye kwa heshima alikuwa akisimama upande wa tawi langu akiunywa, ili isionekane anakula akiwa kazini.

Jackie naye hakukaa kimya. Tawi lake lilikuwa zuri, la katikati, lenye nguvu ya kiasi, na lingepona hata kwa kuachwa. Lakini Jackie ni msusi na mikono yake haijui kupumzika. Alikuja na makasi ya saluni na kitana, akalikata mtindo wa boksi. Alilinyoosha ubapa juu, akachonga pembe, akasimama nyuma akainamisha kichwa, akarudia tena upande mmoja, halafu upande wa pili ili ulingane na wa kwanza. Nilimwambia unakata katikati ya majani, fuata mpaka kwenye maungio. Akaniambia yeye amesomea.

Ncha zikageuka kahawia zote. Akakata kahawia. Ikarudi. Akakata tena. Mtarakwa ukichokozwa hivyo unaogopa, na ukiogopa unarudi utotoni: badala ya yale majani laini ya kulala, unatoa miiba kama mche mchanga unaojikinga na mbuzi. Tawi la Jackie likaota miiba. Akaja akalishika, likamchoma, akatoa damu.

"Umelifanyia nini?" akaniuliza mimi.

"Mimi? Si wewe ndiye ulilinyoa?"

"Sijawahi kunyoa mteja akaota miiba, Ciru."

Wakati huo langu lilikuwa linaenda. Kila asubuhi kabla sijatoka nilikuwa nikiliangalia kule ndani karibu na shina, na kila asubuhi kulikuwa na kijani kidogo kuliko jana. Mimi sikukata hata jani moja. Palipo na udhaifu unaacha, na niliacha mpaka nikachoka. Nilijaribu kuleta jua. Nilichukua kioo cha kujipodolea, nikakiegemeza kwenye bilauri ili mwanga upige chini ya kivuli cha Kiragu. Ukafanya kazi siku mbili hivi. Kisha Kiragu akapiga simu kutoka Karen kusema kwamba ule mwanga ulikuwa umeshuka kwake kwanza, na kwa hivyo ninaurudisha kinyume cha sheria. Nikamwomba Muli basi tuusogeze mti wote ukingoni mwa veranda, kwenye jua. Muli akafikiria kwa muda mrefu, anakuna shingo kwa rungu.

"Madam, huku chini unaweza kusogeza," akasema. "Lakini juu kubaki hapa."

Sikumlaumu. Angefanya nini? Niliketi kwenye ngazi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza ni wapi tungehamia. Binti yangu shule yake iko pale pale kwenye kona. Vyumba vile viwili nilivipaka rangi mwenyewe.

Hapo ndipo wazo la mizizi likaja, na lilitoka kwa Jackie. Alisema tawi lake limeota miiba kwa sababu halili vizuri, na halili vizuri kwa sababu mizizi haikugawanywa, na kwa vile mimi nakaa na mti usiku na mchana, bila shaka nimeelekeza mizizi yote kwangu. Ungeona tawi langu ungejua hiyo mizizi ninayoiba inaniletea nini. Lakini Kiragu alilichukua jambo hilo kwa uzito mkubwa. Akasema tangu mwanzo kulikuwa na pengo. Akampigia Kiema. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi mti utang'olewa kwenye sinia, mizizi ioshwe, ipimwe, na ikatwe mafungu matatu sawasawa, kila moja na waya wa kuitenga.

Nilipowasikia, nilijua umekwisha. Baba alinifundisha mwenyewe: mwaka uliokata majani huo huo usikate mizizi. Unachagua ncha moja tu ya kuumiza. Mti wenye tawi moja la miiba na jingine linalokufa, ukiugusa chini, hauna tena pa kushikilia.

Nikamfuata. Alikuwa nyuma ya jiko, ameketi kwenye kigoda, kisu kimebanwa katikati ya magoti, ananoa kwa kulisogeza jiwe juu yake, kwa sababu kisu mikono haikiwezi tena.

"Baba, umesikia wanachotaka kufanya?"

"Nimesikia. Nimeagiza mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Watakuja wote. Kiragu ameniambia analeta na watoto. Jackie pia. Kiema naye lazima ale, ametoka mbali."

"Baba, mti utakufa."

Akasogeza jiwe. "Nani alikufundisha hayo?"

"Wewe."

"Basi unaniambia habari zangu mwenyewe."

 Hapo yakanitoka yote kwa mpigo. Nikamwambia ni yeye aliyetuletea upuuzi huu. Nikamwambia ana watoto watatu na mti mmoja na angemwachia yeyote, hata Muli, mti ungeishi. Nikamwambia tawi langu likikauka, mimi na mjukuu wake tutalala wapi, au hilo nalo atalipima kwa darubini.

Akaniacha nimalize. "Tawi lako likoje?" akauliza.

"Halifiki mwezi ujao."

"Nililiona." Akaweka jiwe chini. "Nilisema mbele ya watu, mami. Likikauka lako peke yake, Kiragu atakuja mpaka mlangoni kwako na yule mtu wake, na mimi nitakuwa sina neno. Lakini yakikauka yote pamoja, nani atamnyang'anya nani?"

"Si ungesema tu kwamba ulikosea?"

"Ningesema," akajibu. "Halafu Jumamosi wangekuja kufanya nini?"

Akachukua jiwe tena.  Tangu tumzike Mama, kile kiti chake cha pembeni pale veranda kilikuwa kinakaliwa na paka. Mimi nilikuwepo, ndiyo, kila siku, lakini nilirudi jioni nimechoka nikaingia kwangu. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kulitupa lile jiwe, na papo hapo nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilienda nikakisogeza kile kioo changu kutoka chini ya mti, kwa sababu sasa kilikuwa hakina kazi.

Jumamosi boma lilijaa. Watoto wa Kiragu, ambao walikuwa wanamwogopa babu yao kama wanavyomwogopa daktari, wakavua viatu wakakimbizana na binti yangu kuzunguka tangi. Jackie alikuja na wasichana wawili wa saluni. Kiema alivaa koti lake. Muli akapewa likizo ya saa chache kutoka kwa tawi la juu, akaja akachoma nyama.

Wakauinua mti kutoka kwenye sinia, Kiragu akiushika juu na Jackie katikati, na wakaanza kuosha udongo kwa mpira wa maji. Ulipokwisha kutoka, wakainama wote kuangalia. Walikuwa wametarajia mizizi mitatu. Ilikuwa ni kitu kimoja, imesukana kwa miaka yote hiyo mpaka ikachukua umbo la sinia, huwezi kusema huu unaenda wapi wala ule unatoka kwa nani. Kiema akachuchumaa, akaitazama kutoka kila upande. Akasema kitaalamu haioni mipaka.

"Basi tunakata sawa kwa sawa," Kiragu akasema. "Tatu."

Akaleta msumeno. Ikaonekana kwamba lazima mtu aushike shina vizuri, usicheze, na wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kuushika. Nikamtazama Baba. Alikuwa kwenye kiti chake, amezungukwa na wajukuu, mmoja amemkalia gotini, na hakunitazama. Alikuwa akitazama ule mti. Sijawahi kumwona akitazama mbuzi hivyo.

Ningeweza kukataa. Ningesema neno moja pale mbele yao wote na ningeeleza kila kitu, na mti labda ungepona, na tawi langu lingekufa mwezi ujao, na Jumamosi zingeisha. Nikapiga magoti kwenye tope, nikaushika shina kwa mikono miwili.

Msumeno ulipoingia nilisikia mtetemo mpaka mabegani. Kiragu alikata kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje, kama alivyokuwa akifanya hesabu za shule. Wakatenga mafungu kwa waya wa Taib, wakarudisha udongo, wakapeana mikono. Kiema akatangaza kwamba sasa hakuna aliyedhulumiwa. Kisha tukala. Baba alishindwa kukata nyama yake, kisu kikigonga sahani kikiruka, na kabla sijainuka Kiragu akamnyang'anya kisu, akamkatia vipande vidogo vidogo, huku akiendelea kubishana na Jackie kuhusu nani kati yao alivunja dirisha la kanisa zamani.

Jambo ambalo Baba hakuwahi kunifundisha, aliniambia wageni walipoondoka. Mtarakwa ukifa hausemi. Haunyauki kama mboga za sukuma, haudondoshi majani. Unabaki kijani hivyo hivyo wiki baada ya wiki, ukiwa mfu kabisa, na anayeangalia kwa macho tu hawezi kujua.

Imepita muda sasa. Ukiyagusa majani utasikia: yamekuwa makavu, yanasagika kama majani ya chai. Mimi nimeyagusa. Baba pia ameyagusa. Jumamosi iliyopita Kiragu alifika mapema, hakuleta hata kile kiti cha kukunja, akakaa kwenye kile cha Mama. Akautazama mti akiwa ameridhika sana.

"Unaona?" akaniambia. "Ulikuwa unataka tu utaratibu."

"Naona," nikamwambia.

Jackie akasema hata miiba yake haimchomi tena kama zamani. Baba akauliza nani anataka chai, na wote wakataka. Kiragu akasema wiki ijayo atakuja na mke wake pia, kama haitakuwa usumbufu, na Baba akasema hakuna usumbufu, waje tu, wasichelewe. Nikawamiminia chai. Halafu nikachukua kopo, nikateka maji kwenye tangi, nikaja nikaumwagilia mti mbele yao wote, polepole, mpaka yakaanza kutoka chini ya sinia.